Malalamiko Dhidi ya Klabu Iliyokataa Kuku

Peniel Ntandu,
Ng'ambo ya Korongo,
Ihanja, Wilaya ya Ikungi.

Kwa Mwenyekiti,
Klabu ya Huduma ya Alizeti,
Singida Mjini.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: WEMA WENU USIO NA SABABU INAYOELEWEKA, NA HATARI YAKE KWA DADA YANGU

Wewe ni mtu mzima wa kunizaa, kwa hiyo natanguliza shikamoo. Lawama zinafuata mara moja.

Mimi ni kijana mwenye shahada ya sosholojia. Naitaja shahada hiyo mapema ili usije ukadhani barua hii imeandikwa na mmoja wa wale nitakaokueleza habari zao. Nimesoma historia ya vyama vya kindugu na klabu za huduma za nchi mbalimbali, nyingine zikiwa na umri mkubwa kuliko mipaka ya nchi zenyewe. Kwa hiyo ninapokulaumu, nakulaumu nikijua ninachokisema.

Kiangazi kilichopita klabu yako ilikabidhi nyumba ya mama ngojea kando ya kituo chetu cha afya, ili mjamzito anayeishi mbali aje akae karibu na mkunga siku zake zinapokaribia. Ni nyumba nzuri. Ina vitanda na vyandarua, ina jiko la nje, ina tangi la maji. Tangu mlipokata utepe, hakuna mjamzito hata mmoja aliyelala humo. Kiumbe pekee aliyelala ni mbuzi wa jirani, naye aliishia barazani, na mwenye mbuzi mpaka leo hathubutu kumchinja wala kumuuza.

Sababu ni kwamba kijiji kizima kinajua ninyi ni Frimasoni. Wanaposema wanajua, hawabahatishi. Wanajua kama wanavyojua kwamba baada ya masika huja kiangazi. Nyumba ni mtego, vitanda ni madhabahu, na watoto watakaozaliwa humo wameshagawanywa.

Ningekaa pembeni nikacheka, kama nilivyocheka mwanzoni, lakini dada yangu Flora ni mjamzito. Mimba yake ya kwanza uchungu ulimshika korongo linalotutenga na kituo likiwa limejaa. Tulikaa ukingoni tukiyasubiri maji yapungue. Yalipopungua tulivuka na mtoto ambaye hakuwa hai tena. Sasa mvua zimeanza, siku zake zimekaribia, na muuguzi mkunga wetu, Bi Amne, amemwambia mbele yangu: "Flora mdogo wangu, safari hii usije ukavuka korongo na uchungu. Vuka sasa, uje ukae hapa." Mama yetu amekataa katakata. Alinijibu hivi nilipomletea hoja zangu: "Wa kwanza alichukuliwa na maji. Huyu wa pili nimpeleke mimi mwenyewe kwa wachukuaji?"

Nimewaelimisha. Nimewasomea. Nimewachorea hata mchoro ardhini. Nimeshindwa, na kwa kuwa haiwezekani kosa liwe katika hoja zangu, nimelitafuta kwingine nikalikuta kwenu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlikataa kuku. Naanza na hili kwa sababu mengine yote yalizaliwa hapa. Siku ya makabidhiano akina mama waliamka alfajiri, wakachinja majogoo, wakasonga ugali wa uwele, wakaazima sahani mpaka kwa mawifi wasioongea nao. Mlipoitwa mezani ulisimama wewe mwenyewe, ukatabasamu, ukasema kanuni za klabu haziruhusu kula mali ya walengwa. Kisha mkafungua boksi lenu la barafu, mkanywa maji yenu, mkiwa wima, mbele ya kuku anayefuka moshi. Kuku wa Singida, Ndugu Mwenyekiti! Kuku ambaye watu wa Dar es Salaam humpigia simu kabla hajapanda basi! Ninyi mliona mnawapunguzia wanakijiji mzigo. Wanakijiji waliona jambo jingine kabisa. Huku kwetu aliyekula nyumbani kwangu amejifunga, hawezi tena kunidhuru bila aibu. Anayekataa kula amejiachia nafasi. Mama yangu alimnong'oneza jirani yake, nami nikasikia: "Mgeni analeta kitanda halafu anaondoka na njaa? Huyo shibe yake iko kwingine." Ilipofika jioni sentensi hiyo ilikuwa imeshavuka korongo bila kulowa.

2. Alama yenu. Mmechora ua la alizeti ukutani, kwenye mashuka, na kwenye kila kichwa cha kitanda. Mchoraji wenu, ambaye natamani kukutana naye, ameiweka ile sehemu nyeusi katikati na petali nyembamba pembeni, na kijiji kimetamka kwamba hilo ni jicho na kope zake. Watu hawa wamepalilia alizeti tangu utotoni. Wanaikamua, wanaikaangia, mashudu yake wanalishia ng'ombe. Hata hivyo, walipoiona ukutani imechorwa kwa rangi ya mafuta, hakuna aliyeitambua. Niliwapeleka shambani nikawaonyesha ua lenyewe. Bwana mmoja alilitazama muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe wameanza zamani." Tangu siku hiyo nimeacha kuwapeleka watu shambani.

3. Kengele na kiapo. Ni nani aliyewashauri kugonga kengele ndogo, kuvishana mkufu wa shaba, kuweka mikono vifuani na kutamka ahadi yenu kwa Kiingereza mbele ya wajawazito? Nilielewa kila neno. Mliahidi kutunza mazingira na kufika vikaoni kwa wakati. Lakini Idrissa, kijana wetu wa bodaboda, aliwapiga video, akaiwekea muziki wa kutisha, akaisambaza. Nakiri kwamba kwa muziki ule hata mimi nisingewaachia mtoto.

4. Hamkuomba kitu. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Mgombea akileta mabati tunajua anataka kura. Mfanyabiashara akileta mbegu tunajua atarudi na mizani. Mchungaji na shehe wakileta unga tunajua wanataka tuonekane ibadani. Ninyi mlileta nyumba nzima, mkasema "asanteni kwa kutupokea," mkapanda gari mkaondoka. Mnategemea mtu mwenye akili timamu afanye nini na tendo kama hilo? Mmewaachia pengo mahali palipopaswa kuwa na sababu, nao wamelijaza kwa kilichokuwa karibu.

5. Hamna siri. Mwezi uliopita nilikuja mjini, nikaketi nyuma kabisa katika kikao chenu cha wazi, nikitarajia angalau kitu kimoja cha kuficha. Nilimkuta mwalimu mstaafu, muuza dawa, mama mwenye mashine ya kukamua mafuta, na wewe. Mlibishana kikao kizima kama vizibao vya wanachama viwe vya manjano au vya rangi ya chungwa, mkaahirisha bila kuamua. Mlikula karanga. Sijawahi kuona jamii ya siri inayochosha namna ile. Nilirudi nyumbani na fedheha, maana nilikuwa nimejiandaa kuwatetea dhidi ya tuhuma nzito, na hamkustahili hata nyepesi.

6. Idrissa huyo huyo ameniuliza faraghani mtu anajiunga vipi, na kama pikipiki hutolewa mwanzoni au baadaye. Si yeye peke yake. Wanaume wanaowakataza wake zao kulala kwenye vitanda vyenu wameniuliza swali hilo hilo, mmoja mmoja, wakitazama pembeni. Niliwaambia hamtoi chochote isipokuwa karanga. Waliniona mchoyo, na wawili kati yao sasa wanaamini kwamba na mimi nimo.

Ndugu Mwenyekiti, nimeyapima yote hayo kwa utulivu wa kitaaluma, na hitimisho langu ni moja. Mwanadamu hawezi kufumba macho na kulala katika nyumba ya mtu asiyemwamini. Na mtu wa huku hamwamini mtoaji mpaka aone anachokipata. Basi tatizo si ujinga wa kijiji, ingawa ujinga upo, tena wa kutosha kupeleka wilaya jirani. Tatizo ni usafi wenu. Ili dada yangu alale salama, lazima mchafuke kidogo.

Kwa hiyo naomba yafuatayo yatekelezwe kabla mvua hazijakolea. Rudini mje mle. Mle mpaka mifupa, na mmoja wenu aombe kufungiwa mapaja mawili ya kuondoka nayo. Msipoweza kula, basi tozeni ada ya kitanda, tena iwe ya kuumiza, ili watu wapate kunung'unika kama wanavyonung'unika kwa jambo la kawaida. Ada isipotosha, mmoja wenu atangaze kugombea udiwani, hata kama hataki, na nyumba ile ionekane wazi kuwa ni hongo. Hongo watu wataielewa. Watalala usingizi mzito ndani ya hongo. Hilo nalo likishindikana, ibeni kitu. Sisemi kikubwa. Ndoo mbili za kituo cha afya zikipotea na zikaonekana nyumbani kwako, kijiji kizima kitashusha pumzi na kusema, "Aa, kumbe ni wezi tu." Na kama katiba yenu hairuhusu wizi, basi waandikieni Frimasoni wenyewe, popote walipo, muwaombe waje Ihanja na kipaza sauti, watamke hadharani kwamba hawawajui, hawawataki, na kwamba watu wanaobishana rangi ya vizibao wasingepokelewa kwao hata kufagia ukumbi.

Najua utasema maombi haya ni ya ajabu. Nakukumbusha kwamba aliyeanza mambo ya ajabu ni aliyemkataa kuku.

Nitaishia hapo, nikiamini kwamba mtu aliyeweza kuongoza kikao kirefu juu ya vizibao atapata nafasi ya kuisoma barua hii hadi mwisho. Wasalimie wanaklabu wote: mwalimu mstaafu, ambaye shikamoo yangu imfikie kipekee, muuza dawa, mama wa mashine ya mafuta, yule aliyegonga kengele, kwa masharti kwamba asiigonge tena, na dereva wenu, ambaye nilimwona akiitazama ile sahani ya kuku kwa macho ya mtu aliyeonewa. Muuguzi Amne anawasalimu. Mama yangu hawasalimu.

Wako katika kutafuta ukweli,
Peniel Ntandu

Nyongeza:

Barua hii ilikuwa imeshafungwa, ikimsubiri Idrissa aipeleke kwenye basi, pale Flora alipotoka ndani amebeba khanga zake na beseni. Mama alikuwa shambani. Nilimuuliza anakwenda wapi. Akasema, "Peniel, wewe endelea kuandika. Mimi nakwenda kulala." Nikafurahi, nikamwambia kumbe hoja zangu zimemwingia na sasa anaamini klabu ile ni watu safi. Alinitazama kama anavyomtazama kuku aliyeingia jikoni. "Nani kakwambia nawaamini? Ni Frimasoni wale, kila mtu anajua. Lakini Frimasoni wakija watanikuta kitandani, na Amne yuko mlango wa pili. Korongoni yuko nani?"

Akavuka. Kesho yake korongo likajaa.

Mama alikuwa ameshamfuata jioni ile ile akiwa na sufuria na jembe, akachukua kitanda cha pili akidai yuko lindo, na Bi Amne ameshindwa kumtoa kwa upole na kwa ukali. Wanawake wengine walipoona Flora anaamka kila siku akiwa mzima, walianza kuja. Vitanda vimejaa. Maji yalipopungua nami nilivuka, nimewahoji wote, mmoja baada ya mwingine, na hakuna hata mmoja aliyebadili mawazo juu yenu. Wanawasema mchana kutwa wakiwa wamejifunika mashuka yenu, na wanagombania kitanda cha dirishani.

Kwa hiyo naomba uyapuuze maombi yangu yote. Msile, msitoze, msigombee, msiibe. Ule msingi niliojengea hoja yangu umeanguka, na waliouangusha wamelala juu yake wanakoroma.

Flora amejifungua leo mchana, mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kukera. Ana alama ndogo ya kuzaliwa begani. Mama amempakata, amemgeuza, amemkagua mwili mzima, kisha ametoa uamuzi wake: uzima wa mtoto ni kazi ya Mungu, na ile alama ndiyo yenu.