Mkaguzi Mkuu wa Kibuyu

Tumbo la Nicanor halikuwa tumbo, lilikuwa maabara! Muhuru Bay nzima ilishatangaziwa.

"Mimi nimekula samaki waliokata tamaa," alijigamba, "na bado niko!"

Basi mkewe Linet, binti wa kutoka mji wa Rodi Kopany, "nyar Rodi" kwa Kijaluo, alipoanza kutundikiwa dripu za saratani, sista wa kliniki akamwonya: dawa hizi zinamaliza kinga, usiguse viporo wala maziwa mabichi. Nicanor alicheka hadi kofia ikaanguka.

"Sista anajua nini? Nikionja mimi na nisife, nyar Rodi, wewe kula kwa amani!"

Linet alipiga hesabu. Akiharisha tu, dripu ya Jumatano ingeahirishwa, na uvimbe ule haukuwa na adabu ya kungoja.

Jumamosi mama mkwe akaleta kibuyu cha maziwa yaliyogandishwa bila kuona moto. Na kwa watu wale, kibuyu cha mama mkwe hakirudi kimejaa. Heri umtukane.

"Baba Austine," Linet akamwambia mumewe, "haya hayajachemshwa."

"Kwani ng'ombe wa mama yangu ni mchafu? Ng'ombe aliyebatizwa!"

Akamimina bakuli, akafumba macho kama askofu. "Safi!" Akamimina la pili, eti sampuli ya kwanza ilikuwa ndogo. La tatu akateremshia obambla, samaki mkavu aliyelala sufuriani tangu juzi.

Kibuyu kikabaki kitupu. Heshima ya mama mkwe ikapona.

"Wacha sasa nikupe ripoti," akasema, akijifuta midomo.

"Nitaingoja asubuhi," Linet akajibu taratibu, akijipakulia ugali unaofuka moshi na sukuma wiki iliyotoka jikoni saa ile ile.

Asubuhi ripoti ikatoka. Ikatoka tena! Nicanor alikimbilia choo kama mtu anayewahi boti ya mwisho, na kila akirudi, tumbo lilimwita kikao kingine.

Alasiri akina mama wa kanisa walifika kumwombea mgonjwa. Wakamkuta Linet wima, anachemsha maji, na kitandani mwanamume amejikunja kama dagaa wa omena juani.

"Linet dada," Risper, kiongozi wao, akashangaa, "si mgonjwa ni wewe?"

"Ni mimi. Huyu ni mkaguzi."

Wakamhurumia Nicanor, wakamwekea mikono kichwani, maombi yakapamba moto.

"Tumboni, mama!" Nicanor akalia. "Shukeni tumboni!"

Linet hakugeuka hata kidogo.

"Msishuke. Shikeni hapo hapo kichwani, ndipo ugonjwa ulipoanzia."