Chumba Changu na Kondoo wa Mama Ngendo

Jumatatu, 6 Julai 1959. Ruiru.

Leo nimetangaza vita. Kwa siri, lakini vita ni vita.

Naandika sababu kwa mpangilio. Moja: nina miaka ishirini na saba na sijapata kuwa na mlango wangu. Nyumbani Machakos tulilala ndugu sita kitanda kimoja. Shuleni, bweni la vijana arobaini. Mbili: tangu Mei nimepanga chumba kwa Mama Ngendo, mjane, karibu na kiwanda cha kahawa ambako mimi ni karani wa stoo. Chumba kina mlango! Tatu: mlango hauna komeo, na Mama Ngendo bado ana watoto wanne wadogo.

Wanaingia bila hodi. Wanaruka kitandani. Leo Ngendo, mwenye miaka minane, ameniuliza kwa nini nanyoa ndevu ambazo hazipo.

Nilimwomba mama yao komeo. Alicheka hadi akashika ukuta. Akauliza, kwani karani unaficha nini humo, mke? Akasema katika nyumba hii anayestahili kutosumbuliwa ni mmoja tu, naye ni Inspekta.

Inspekta ni kondoo! Dume la kunenepeshwa, wenyewe huita ngoima. Hafungiwi nje. Anakaa kwenye kizimba jikoni, analishwa majani ya viazi vitamu. Tarehe 25 atapelekwa Theta kwa wakwe wa Gichuru, kifungua mimba wa mama, awe sehemu ya mahari. Akifika amekonda, ni aibu ya ukoo mzima. Na atafika amekonda, maana watoto wanampanda mgongoni kutwa.

Hapo nikapata wazo. Watoto hawa hawasikii amri. Hadithi yenye picha watasikia. Nitaandika kitabu cha kuwafundisha kumwachia mnyama nafasi yake. Akishapata mnyama, karani atakosaje?

Alhamisi, 9 Julai.

Mhusika wangu alikuwa mbwa. Nilimwona mmoja kwa meneja, ana kikapu chake cha kulalia na hakuna anayemgusa. Nikawasomea watoto ukurasa wa kwanza. Ngendo akauliza kama mbwa ni mgonjwa, mbona yuko ndani? Mdogo wake Kagwe akataka kujua nje analinda nani. Wakaanza kuhofia mwenye mbwa ataibiwa.

Nimemfuta mbwa. Mhusika sasa ni Inspekta. Ndiye mnyama pekee wanayemjua anayelala ndani kwa heshima.

Picha nimempa Macharia, mpangaji wa chumba cha pili, anayeandika vibao vya maduka huko Thika. Macharia ni adui. Chumba chake hakina dirisha, na tangu Mei anakitazama changu kama mgonjwa anavyotazama supu. Lakini rangi anazo. Nimemwambia amchore kondoo akipumzika mahali pake pazuri. Akasema, tulia Urbanus, nitachora kitu chenye roho.

Jumapili, 12 Julai.

Kitabu kimekamilika. Kurasa kumi, zimeshonwa kwa uzi. Moyo wake ni ukurasa wa sita: “Inspekta akiwa mahali pake, usimguse, usimwite, usimchungulie. Ngoja atoke mwenyewe.” Nilitokwa na machozi nikiandika.

Picha ni nzuri kuliko maneno. Sitamwambia Macharia. Ila katika ukurasa wa sita kondoo amelala juu ya kitanda cha chuma. Blanketi lina mistari myekundu. Kitanda changu! Blanketi langu! Macharia akasema fundi huchora anachokijua.

Hapakuwa na muda wa kubadilisha. Nimewasomea baada ya kanisa. Wakataka nirudie mara tatu. Ngendo ameshika ukurasa wa sita kwa kichwa.

Ushindi!

Jumanne, 14 Julai.

Nimerudi kazini, chumba kimya. Hakuna mtoto hata mmoja. Nikafungua mlango nikitabasamu.

Inspekta yuko kitandani.

Wamemleta wenyewe, kwa heshima, na kumfunika. Nikamshika shingo nimteremshe. Watoto wanne wakapiga kelele mlangoni. Ngendo akaweka mikono nyuma kama yuko darasani, akaukariri ukurasa wa sita bila kukosea. Nikamwambia, mimi ndiye niliyeandika! Akasema basi wewe ndiye unayepaswa kuujua zaidi.

Nimelalia kiti. Julai, baridi hii, na blanketi analo yeye. Lakini sishindwi na mnyama anayecheua.

Alhamisi, 16 Julai.

Nimeongeza mstari chini ya ukurasa wa sita: “Isipokuwa mwenye kitanda akirudi kazini.” Mwandiko uleule, mpangilio safi.

Ngendo akapitisha kidole. Kidole kikatoka na wino wa buluu. Akasema, karani, huu umeuchomeka sasa hivi. Akakimbia na kitabu kwa mama yake.

Mama Ngendo hakukigusa. Alikwenda moja kwa moja kitandani, akaupima mkia wa Inspekta kwa viganja viwili. Haiya! Siku mbili bila kupandwa, na mkia umejaa hivi! Akaamua papo hapo: kondoo asihamishwe. Akaniambia kizimba kiko wazi, tena kina joto la jiko.

Nikasema afadhali nihamie Thika. Akasema barabara unaijua.

Sihami! Nikihama, Macharia anaingia kesho yake. Nimebeba mto wangu nikaenda kizimbani, kichwa juu.

Jumamosi, 25 Julai.

Ameondoka! Kwa mkokoteni, maana miguu ilikataa kubeba unono ule. Gichuru amerudi kutoka Theta akiimba. Anasema wazee wa upande wa bibi harusi walimbonyeza Inspekta mbavu mmoja mmoja, wakauliza anakula nini. Mama akawajibu: kitabu.

Nimefua blanketi mara mbili. Nimejilaza kitandani mwangu. Saa kumi nikasikia miguu ya watoto. Ikasimama nje. Kisha sauti ya Ngendo: hodi, karani?

Hodi! Katika maisha yangu, hodi ya kwanza! Nilinyamaza kidogo ili niionje. Nikasema karibu.

Alikuwa anataka kujua kama nitatoka kabla ya kesho.

Jumapili, 26 Julai.

Madume mawili yamefika kutoka Theta. Wakwe wameomba yanenepeshwe katika chumba cha kitabu. Moja liko juu ya kitanda, moja chini. Mama Ngendo amenisifu mbele ya wageni na kunipa viazi viwili vya kuchoma. Hata komeo ameliweka mlangoni, ili karani asiyasumbue.

Naandika haya kizimbani. Nimechunguza kwa utulivu kosa liko wapi. Kitabu hakina kosa. Kosa ni kondoo. Kitabu cha pili mhusika atakuwa jogoo anayetaka kuachwa peke yake.

Macharia amekubali kuchora. Nimemwonya: popote, ila si kitandani! Amefikiri, akasema atamchora jikoni, kwenye kizimba chenye joto, amelalia mto.

Nimemkubalia. Safari hii amenielewa.