Ukuta Mweupe wa Mwalimu

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu kaondoka. Mwalimu wa hesabu, mwanamke wa mpangilio, kachukua begi na kwenda kwa dada yake. Sababu? Ukarimu wangu! Alipokuwa shuleni nilimtengenezea chumba chake cha kusahihishia. Kwanza nikaitoa meza dirishani. Kisha nikapaka ukuta rangi nyeupe. Mwisho nikasimamisha kabati langu la vitabu pale ilipokuwa meza. Safi kabisa!

Aliporudi alisimama mlangoni akauliza ukuta wake uko wapi. Nikamwambia huo hapo, unang'aa. Akanyamaza. Angenitukana ningemweza, mimi huishi kwa majibizano, magazeti yote yanazijua barua zangu. Lakini kunyamaza!

Kamwachia binti yetu ujumbe: atarudi chumba kikirudi kilivyokuwa.

Kumbe ile mikwaruzo ya penseli niliyoifunika kwa rangi ilikuwa na wenyewe. Kila mwanafunzi wa masomo ya ziada, akiishinda hesabu iliyomtesa, aliiandika pale ukutani kabla ya kuaga. Mimi nilidhani uchafu. Nyumba imepoa. Nimekunywa chai ya maji matupu, sukari sijui anaiweka wapi.

Jumanne, 4 Machi

Binti anasema tatizo langu ni la fanksheni. Ni kama mashine, anasema: unaingiza namba, inatoka nyingine. Ingiza tano. Mashine ya kwanza inazidisha kwa mbili, ya pili inaongeza tatu. Inatoka kumi na tatu. Sasa irudishe, baba.

Nikagawa kwa mbili, nikatoa tatu. Nikapata tatu na nusu.

Akanitazama kama muuguzi anayetazama kidonda. Akasema unapozirudisha mashine zilizofuatana unaanza na ya mwisho: toa tatu, ndipo ugawe. Unavaa soksi halafu viatu. Huwezi kuvua soksi kwanza. Nikamwambia huo ni mtazamo mmoja tu. Akaenda kulala.

Jumatano, 5 Machi

Nimeanza kukirudisha chumba. Nilianza na meza, kwa kuwa ndiyo niliyoanza nayo siku ile. Kabati likakataa kupisha. Nikasukuma. Meza ikakwama kati ya kabati na mlango, mimi nikiwa ndani.

Binti akamwita mwanyumba wangu, mume wa huyo dada yake Mwalimu. Fundi bomba, mtu wa maneno mengi. Akachungulia dirishani akacheka mpaka akashika ukuta. "Mwanyumba, umejifunga mwenyewe? Basi angalau dai haki zako za mfungwa!" Akanieleza, bila kuulizwa, kwamba Mwalimu anakula vizuri kwao na anawachekesha watoto. Nikamwuliza kama ananitaja. Akasema hapana. Kisha akasema, taratibu kidogo, kwamba kila simu ikilia yeye ndiye wa kwanza kugeuka.

Akanitoa. Alianza na kabati.

Alhamisi, 6 Machi

Kabati nje. Limebaki suala la ukuta. Nimejaribu msasa, sponji, maji ya moto. Binti akanisimamisha. Akasema rangi yangu ni fanksheni isiyorudi: lolote lililokuwa pale limetoka jeupe. Mistari ya huyu, ya yule, yote myeupe. Ukiwa na weupe peke yake huwezi kujua ulitokea wapi.

Nikabisha kwa hoja nzito. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Baba, hiyo hairudi."

Nimekaa sakafuni kuutazama. Ndiye mpinzani wa kwanza aliyenishinda.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata jibu! Nitaziandika mwenyewe. Nimefungua vitabu vyake vya zamani, nikaandika hesabu ukuta mzima: nyingine kwa mkono wa kushoto, nyingine kwa herufi za kulala, nyingine nikiwa nimesimama juu ya kiti ili mwandishi aonekane mrefu. Majibu nimeyatafuta mwenyewe. Nani atagundua? Meza nimeirudisha dirishani. Binti amemwita mama yake.

Jumamosi, 8 Machi

Mwalimu alikuja na mwanyumba nyuma yake, kabeba begi. Akasoma ukuta wote, polepole, kama anasahihisha mtihani. Kisha akauliza ni mwanafunzi gani huyu anayegawa kabla ya kutoa, kuanzia darini hadi sakafuni.

Nikasema ni mtoto mwenye matatizo nyumbani.

Akakaa. Alicheka, akafuta macho, akacheka tena, na nusu ya machozi yale haikuwa ya kicheko, niliona. Nikasema neno ambalo sijawahi kuliandika gazetini. Samahani. Nikamwambia zile za wanafunzi wake hazirudi. Akasema anajua, alijua tangu mlangoni siku ile. Alitaka tu kuona nami nimejua.

Akamwambia shemeji yake atue begi. Akaomba penseli, akaandika ukutani ile kumi na tatu ya binti, akanisimamisha kando yake. "Toa kwanza." Nikatoa. "Sasa gawa." Nikapata tano! Akaniamuru niandike jina langu chini yake, kwa mkono wa kulia. Mkono wake ulikuwa begani kwangu muda wote.

Jumapili, 9 Machi

Chai ina sukari. Mwalimu kanitaka ahadi moja: nisiguse chochote humu ndani kabla ya kumwuliza. Nimeahidi kwa moyo wote.

Ametoka na binti mpaka jioni. Nimeyatazama makabati ya jikoni. Yamepangwa kizamani mno! Milango miwili tayari nimeing'oa. Ningemwuliza, lakini hayupo.