Kifungu cha Tano na Kiti Changu

Riruta, Nairobi
14 Machi 1965

Kwa ndugu yangu mkubwa Zedekiah,

Uniwie radhi kwa kukaa kimya tangu sikukuu ya Jamhuri. Sikuwa mgonjwa, wala sikukusahau. Nilikuwa nikitawaliwa.

Kama ujuavyo, kazi yangu katika kiwanda cha chapa hapa mjini ni kusoma maandishi na kusahihisha makosa kabla hayajachapishwa. Mwaka jana nilisahihisha kijitabu cha kueleza Katiba ya nchi. Nilikisoma mara nne, kama kazi itakavyo, na kila mara nilizidi kukipenda. Serikali ina mamlaka, lakini mamlaka hayo yana mipaka: mabaraza mawili hutunga sheria, mahakama haziagizwi na mtu, na raia ana haki ambazo hata mkubwa hawezi kumnyang'anya. Nikaona aibu kwamba nchi nzima ina katiba na nyumba yangu inaendeshwa kwa kelele. Nikaandika katiba ya nyumba, vifungu kumi na viwili, nikaisoma mbele ya wote baada ya chakula cha Krismasi. Walipiga makofi. Ningekuwa mwangalifu, makofi yale yangenitia wasiwasi.

Mimi ni Serikali. Watoto wanne ni Baraza la Chini, na spika wao ni Lornah, aliye kidato cha pili. Mke wangu Peres ni Baraza la Juu, peke yake. Mahakama Kuu ni mama yake Peres, Mama Philister, anayekaa Dagoretti. Usishangae. Nilifikiri kwamba, kwa kuwa desturi yetu hairuhusu mtu na mama mkwe wake kuketi chumba kimoja wala kujibizana, mahakama hiyo haitaweza kunihukumu kamwe. Hapo ndipo nilipokosea. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kifungu cha tano chasema kwamba hakuna mtu, mnyama wala kitu kilichomo nyumbani kitakachoondolewa mahali kilipo bila idhini ya mabaraza yote mawili. Nilikitunga mwenyewe ili kukilinda kiti changu cha kuegemea, ambacho Peres alitaka kumpa mchungaji. Mwezi uliopita nilikwenda Kisumu mazishini kwa siku tano. Niliporudi, nilimkuta kuku mwekundu wa Peres juu ya kiti hicho, ameatamia mayai kumi na moja. Jinsi kuku mmoja alivyotaga mayai kumi na moja kwa siku tano sijaelezwa hadi leo.

2. Niliamuru aondolewe. Peres hakuinua hata macho kutoka kwenye sufuria. Alisema tu, "Baba Lornah, soma kifungu cha tano." Nikapeleka mswada. Baraza la Chini liliujadili jioni mbili, likaunda kamati ya kumtembelea kuku, kisha likaupitisha kwa kura tatu dhidi ya moja, baada ya Serikali kuleta mandazi. Baraza la Juu, ambalo hufanya vikao vyake likisonga ugali, liliukataa kwa kauli moja.

3. Nilikata rufaa. Mama Philister alikuja kwa miguu kutoka Dagoretti, Jumamosi asubuhi, akaketi sebuleni. Mimi, kwa heshima, nikatoka nje, nikaketi juu ya sanduku tupu la soda nyuma ya jiko. Kesi yangu ikasikilizwa bila mimi. Lornah alikuja mara kwa mara kunisomea yaliyosemwa kutoka katika daftari lake, ambamo alikuwa ameandika "kiti yake" mara sita, nami nilikatazwa kumsahihisha kwa sababu karani wa mahakama haingiliwi. Hukumu ilikuwa fupi: "Mwambieni mkwe avumilie. Serikali gani humfukuza mama juu ya mayai yake?" Kisha mahakama ikachinjiwa jogoo wangu. Idhini ya mabaraza yote mawili ilipatikana kwa dakika moja.

4. Nilitangaza hali ya hatari. Nikaonyeshwa kifungu cha tisa, ambacho pia ni mwandiko wangu: hali ya hatari isipothibitishwa na mabaraza kwa siku saba hufa yenyewe. Ilikufa Jumanne.

5. Mayai tisa yameanguliwa. Vifaranga wamekaa juu ya kiti pamoja na mama yao, na kifungu cha kwanza kinasema kwamba kila anayezaliwa nyumbani humu ni raia. Jana Baraza la Chini liliniuliza kwa maandishi iwapo watapiga kura. Serikali ilikuwa imeketi juu ya sanduku la soda.

Kwa hiyo nakusihi, ndugu yangu, wewe uliye mkubwa wa ukoo na ambaye neno lako halina rufaa, upande gari-moshi uje uifute katiba hii. Mmoja aseme, wengine watii, kama alivyofanya baba. Nyumba haiwezi kuwa na mkubwa ambaye huambiwa "hapana".

Msalimie shemeji, watoto, majirani wa ng'ambo ya mto, na yeyote atakayeuliza habari zangu, ila usimweleze nimeketi wapi.

Ni mimi mdogo wako mtiifu,
Tobias Were

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, barua yako imefika. Unaagiza kwamba Lornah aachishwe shule mwezi huu huu, aje kumsaidia shemeji katika hoteli yake ya chai, na umeandika kwamba neno lako ni la mwisho. Nimeisoma mara nne.

Nasikitika kukuarifu kwamba Lornah ni mtu, yumo nyumbani humu, na kifungu cha tano kingali na nguvu. Barua yako imewekwa mbele ya Baraza la Chini, nalo safari hii halikuunda kamati. Imewekwa pia mbele ya Baraza la Juu, nalo, kwa mara ya kwanza, limeacha ugali ukaungua. Limeikataa. Serikali imeungana nalo.

Una haki ya kukata rufaa. Lakini kumbuka kwamba Mama Philister ni mkwe wako kama alivyo mkwe wangu. Nimekuwekea sanduku la pili nyuma ya jiko, karibu na langu.

Lile ombi la kuifuta katiba usilishughulikie. Mahakama itakaa Jumamosi ijayo juu ya suala la Lornah, nami nitakuandikia mara itakapoamua.