Neno Lililoandikwa Mbele ya Jina la Mama

Southwark, Jumatatu, 3 Machi 1561

Mama alifariki jana. Nimelia mpaka macho yamevimba. Ombi lake lilikuwa moja tu, azikwe kanisani kando ya Baba. Padri Pennard kafungua daftari la parokia, kakuta mbele ya jina lake, Margery Tolpit, neno "stewholder", yaani mwenye "stew". Kakataa. Kasema mwenye danguro hazikwi kwenye ardhi iliyobarikiwa. Danguro! Mbele za watu! Nikamwambia amekosea, "stew" ni bwawa la kufugia samaki. Mama alifuga samaki wa Kwaresima. Ulimi wangu huu, dhahabu tupu!

Jumanne, 4 Machi

Padri anataka kuliona bwawa. Kwetu hakuna hata dimbwi. Nimechimba ua mzima, nimemwaga ndoo arobaini, udongo umekunywa zote. Mgongo hausemeki. Mama bado amelazwa mezani, na mimi nanuka tope mbele yake.

Jumatano, 5 Machi

Nimemleta Mwalimu Lambert anitetee, maana ni msomi. Habari za samaki sikumwambia. Kosa! Kakohoa, kaeleza kwamba neno limetoka kwa Wafaransa, chumba cha moto cha kuogea mvuke. Baadaye wenye vyumba wakaweka na wasichana, jina likachafuka. Padri kanigeukia. Kauliza, kumbe mama yako aliwaogesha samaki kwa maji ya moto? Kwa samaki huko ni kupikwa. Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, mjinga mimi, kisha nikatoka nje nikalia.

Alhamisi, 6 Machi

Tumemzika nje ya ukuta wa kanisa, kwenye kile kiwanja kisichobarikiwa. Baba yuko upande wa pili, peke yake. Kengele haikulia. Walikuja wanawake sita waliowahi kumfanyia kazi. Bi Thomasin, mmoja wao, kanivuta sikio, kaniuliza mbona namwonea haya mama yangu. Kasema jina hilo ndilo lililonilisha, na walipougua wao, aliwauguza yeye, si padri. Nisamehe, Mama. Sidanganyi tena!

Ijumaa, 7 Machi

Bi Thomasin kapita kunipa pole. Kasema enzi zile wasichana walimwita Mama "Mama Mkuu", kwa utani, kama wa watawa. Mtawa! Kesho navuka mto kwa padri mwingine, nimwambie kuna mtawa kazikwa nje ya ukuta kimakosa. Ataniuliza mtawa alipataje mtoto. Hilo nitalifikiria njiani.