Mizani za Kumtoa Kasiani

Jumatatu, 6 Machi 1911. Bigwa.
Siku ya tisa mume wangu yuko mnyororoni bomani. Lukasi wetu alishikwa homa, Kasiani akatoroka kazi ya barabara kuja kumwona. Kosa hilo tu! Ijumaa wafungwa wanapelekwa pwani kwa treni. Lakini nina njia. Akida ni mtu wa pwani, anapenda mashairi kuliko pilau. Nitamwomba kwa shairi!

Jumanne, 7 Machi.
Jirani yangu Shamsia kanifundisha: vina katikati na mwisho, kila mstari mizani kumi na sita. Mumewe Rehani yuko mnyororo mmoja na Kasiani. Kisha akanicheka. Eti, wee mama Lukasi, akida atashiba vina? Yeye anampelekea jogoo. Nimemhurumia. Jogoo hana hata kibwagizo.

Jumatano, 8 Machi.
Nahesabu kwa maharage. Kumi na sita chini, silabi moja natoa moja. Beti nne tayari! Kibwagizo kimetimia: *Mfungue Kasiani, mtoto amlilia.* Nimelia mwenyewe. Jioni nimemtoa Lukasi harage mdomoni. Sijui kaliokota saa ngapi.

Alhamisi, 9 Machi.
Nimemwamkia akida shikamoo, nikampa karatasi. Kasoma kwa sauti, anahesabu kwa vidole. Vina safi, kasema. Kurudia kibwagizo kila ubeti, vizuri sana. Ila ubeti wa tatu una mstari wa mizani kumi na tano. Nirekebishe, nilete Jumamosi. Nikasema treni ni kesho. Akasema shairi halina haraka. Uani jogoo wa Shamsia kafungwa mguu.

Ijumaa, 10 Machi.
Stesheni. Kasiani kakonda. Nimemsomea kibwagizo. Kaniuliza kama homa ya mtoto imeshuka. Nikasema imeshuka. Askari kamsukuma ndani ya behewa. Lukasi kaipungia mkono injini.
Rehani hakuwemo.

Jumamosi, 11 Machi.
Rehani yuko kwake, anapasua kuni. Shamsia kaja, hacheki tena. Kasema, mdogo wangu, una tetea, mpeleke leo leo, akida ataandika barua pwani. Wivu huo! Akida mwenyewe kanitajia kosa: mizani moja. Moja tu, na baba Lukasi angelala nyumbani!
Karatasi zimeniishia. Nimempeleka tetea dukani kwa Ahmadi, kanipa karatasi sita. Safari hii natunga beti kumi na mbili.