Bibi Niragira Amejifungua

Jumatatu, 9 Juni 2025

Leo nimeanza. Anneth akae chonjo.

Miaka yote yeye ndiye mpeleka habari wa kikundi chetu cha kina mama hapa Nyarubungo. Mwenzetu akijifungua, Anneth anazunguka nyumba kwa nyumba, kisha sote tunapeleka kuni, maji na uji kwa mzazi. Ila anazunguka taratibu, na kila anapofika anakula. Mama Tecla uji ulimfikia mtoto ameshaanza kukaa.

Mimi nina simu ya kupangusa. Binamu yangu Desderius wa Ngara mjini amenionyesha programu ya kujitengenezea mwenyewe, hata kama shule uliishia la saba. Unaburuta visanduku kwa kidole, unajaza majina na namba, basi. Halafu kuna plagini, vipande vidogo vya kuongezea, kila kimoja na kazi yake. Desderius anasema ni kama viungo kwenye pilau. Nimechomeka kimoja: mtu akituma ujumbe kwamba amejifungua, programu inaangalia namba ni ya nani, inawatangazia wote. Mimi nitakuwa nimelala, mwanangu Anold kifuani.

Uchaguzi wa kikundi uko karibu. Katibu Clotilda. Jina linakaa vizuri.

Jumatano, 11 Juni

Nimezunguka nyumba kwa nyumba kuchukua majina. Kama Anneth. Hilo sikulifikiria.

Wengi hawana simu. Wametoa namba ya Matiasi, mume wa Anneth, anayechaji simu kwa sola pale njia panda. Rafiki yangu Nimpaye naye hivyo hivyo. Tumbo lake limeshuka, siku zimekaribia. Ameniuliza kwa upole kama hiyo programu itamkumbuka, maana mama yake yuko mbali, kule Ngara mpakani, na mumewe Niyonzima hata maji yanamuungulia. Nikamwambia alale usingizi.

Nilipomzaa Anold, Nimpaye ndiye aliyefika wa kwanza. Alinikanda kwa maji ya moto, akalala kwenye mkeka mlangoni kwangu ili nisiogope.

Ijumaa, 13 Juni

Programu imeweka alama nyekundu kila mahali. Haipendi namba ya Matiasi kurudiwa rudiwa. Desderius kasema kuna plagini ya kusafisha, inaondoa marudio. Nimeibonyeza. Orodha imekuwa safi kama sahani iliyorambwa.

Anneth kapita kuchungulia. Kauliza mbona watu ni wachache. Nikamjibu ndiyo teknolojia, dada, inabana mambo. Kasema hata kaburi linabana. Kanuna, kaenda zake. Amesema sasa atakaa kwake, ajionee.

Jumapili, 15 Juni

Niko Nyakanazi kwa Emilian wangu, anayeziba pancha za malori. Anold alikuwa anamshika baba yake masharubu wakati simu ilipoita. Ujumbe wa programu yangu mwenyewe! Hongera, mwenzetu Bibi Niragira amejifungua mtoto wa kike, tumpelekee uji.

Bibi Niragira ni mjane. Vitukuu anavyo.

Emilian kauliza baba ni nani. Nimecheka. Halafu nikaona taarifa imetoka namba ya Matiasi, nikafungua orodha, kicheko kikaisha. Kila aliyetoa namba ya Matiasi amefanywa mtu mmoja, na mtu mwenyewe ni Bibi Niragira, kwa kuwa ndiye niliyemwandika kwanza. Aliyejifungua ni Nimpaye, naye hayumo. Nimpaye kasafishwa.

Nimempigia Matiasi, hapatikani. Mchaji wa simu za watu, yake imezima. Gari la kurudi mpaka kesho. Namba ya Anneth ninayo. Nimeitazama sana. Neno moja tu, angetoka mbio. Lakini nikamwona akicheka, nikauona na ukatibu ukienda. Nikaiweka simu chini. Nitarekebisha mwenyewe kesho.

Jumatatu, 16 Juni

Nimefika kwa Bibi Niragira kwanza. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku amejilaza kama malkia. Kina mama walikuja jana na uji na kuni. Walidhani mjukuu wake kajifungulia hapo. Bibi aliwaambia hakuna mtoto humu, wakaelewana kwa macho kwamba anamficha asipatwe na jicho baya. Wakapika, wakamkanda yeye mgongo, wakaondoka. Bibi kaniambia tangu mzee afariki hakuna aliyemkanda mgongo. Kasema nisirekebishe haraka.

Kwa Nimpaye nimekuta uwanja umefagiwa na mikeka imetandikwa kwa ajili ya wageni. Mitupu. Alifagia mwenyewe, na kitoto kimefungwa kifuani. Hakunigombeza. Kasema labda wenzetu wako mashambani.

Afadhali angenipiga.

Nimepiga magoti nikamweleza yote, hata lile la kuacha kumpigia Anneth. Kamfunika mtoto vizuri. Kisha kauliza, Bibi naye kajifungua salama? Tukacheka, yeye kashika tumbo. Halafu akaanza kulia, na mimi, na Anold kwa kutuiga. Nikawasha moto, nikamkanda kama alivyonikanda. Mikono yangu haikuwa mizuri kama yake.

Ndipo Anneth akaja na kina mama wote nyuma. Matiasi, ambaye husema neno moja kwa siku, jana usiku alilisema: Nimpaye. Anneth akapita bila kunitazama, akamwambia Nimpaye, pole mama, huyu mwenzetu programu yake inazalisha kuliko zahanati.

Alhamisi, 19 Juni

Anneth ndiye katibu. Nilimpigia kura mwenyewe. Kila asubuhi nampelekea Nimpaye maji. Mtoto wamempa jina: Niragira. Nimpaye anasema ni haki, Bibi ndiye aliyemzaa kwanza. Nilikuwa na tumaini dogo la Clotilda. Nimelimeza.

Nimeapa mbele ya Anold kwamba simu hii sasa ni ya kupiga na kupokea tu.

Jumamosi, 21 Juni

Desderius kapiga. Kumbe tatizo langu lote lilikuwa namba kukosekana! Kuna plagini nyingine inayojaza yenyewe kila nafasi iliyo wazi. Nimewarudisha watu wote kwenye orodha, Nimpaye wa kwanza kabisa, nikaibonyeza. Sasa kila mama ana namba yake. Sijui imezitoa wapi, lakini zimependeza.

Imejaza hata sehemu ya mume kwa wajane. Bibi Niragira: mume, Matiasi. Hapo nimesita kidogo. Lakini mashine hii inajua mengi kuliko mimi, na watu wana siri.

Nimeshachomeka na ya pongezi za ndoa, inayotangaza kila mke na mumewe. Kesho watu wakitoka kanisani, ujumbe utawafikia wote. Katibu nimemweka wa kwanza kuupata, ili ajue sina kinyongo.